Ukumbi Haukaguliwi kwa Simu

Katika mji huu wote wa Sydney, kuanzia ufukweni kwa matajiri mpaka huku kwetu magharibi, hakuna mwanamke wa Kipare aliyewahi kuchaguliwa kwenye kamati ya klabu ya bunduki za kale isipokuwa mimi, Elieshi, mwenye elimu ya darasa la saba. Na nilichaguliwa bila kupingwa na mtu yeyote. Sasa niseme na lililobaki: nilikuwa nafukuza nzi.

Ulikuwa mkutano mkuu wa mwaka jana. Mwenyekiti wetu, Bwana Desmond, aliuliza nani atajitolea kuingia kwenye kamati ya kutafuta ukumbi mpya, maana ule wa Smithfield tuliouzoea ulikuwa umeuzwa kwa watu wa matairi. Wazee wote wakaanza kutazama viatu vyao. Nzi akanijia puani, nikainua mkono, makofi yakapigwa. Nzi wa Australia hana adabu, lakini safari ile nadhani alijua anachokifanya.

Nilikuwa mgeni tu siku ile, mjane wa mwanachama. Mwanachama alikuwa Kassian wangu, Mngoni wa Songea, ambaye ujanani alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Mkomazi. Ndivyo alivyonipata. Alikuja shambani kwa baba kufukuza tembo waliokuwa wanakula mahindi yetu. Tembo wakaondoka, yeye akabaki. Baadaye binti yetu Faida akapata kazi ya uuguzi huku, hospitali kubwa ya Westmead, akatuvuta wote wawili. Kassian akaingia kiwanda cha rangi pale Smithfield, na huko akakutana na mzee mmoja aliyekuwa anauza bunduki ya marisau ya zamani, ya mitutu miwili, mfano wa ile aliyoibeba akiwa kijana. Akainunua bila kuniuliza. Nilinuna wiki nzima, kisha nikaiona.

Ni nzuri, nisiwe mnafiki. Ina nyundo mbili kwa nje, zimesimama kama masikio ya mbuzi aliyeshtuka. Chuma cha mitutu yake kimesokotwa na kufuliwa hata kina mawimbi mawimbi, kama nywele za mwanamke aliyetoka kufumua misuko. Haipigi kitu. Katika nchi hii huwezi kuitundika bunduki ukutani kama kalenda ya duka: ina leseni, ina kabati la chuma lililokazwa ukutani, ina kufuli kwenye kifyatuo. Kassian alikuwa akisema, "Mama Faida, huyu mwenzetu analindwa kuliko mimi."

Na mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku nzima utapata "ndiyo," "hapana" na "chumvi." Lakini Jumamosi, akiishika bunduki ile na kitambaa chenye mafuta, ulimi ulifunguka. Alisimulia tembo, alisimulia mama yake, alinisimulia hata mimi mwenyewe nilivyokuwa siku ile shambani, kwamba nilimrushia bua la hindi nikidhani ni mwizi. Yote ninayoyajua kuhusu mume wangu niliyasikia nikiwa nimekaa mbele ya bunduki hiyo. Sasa hayupo. Jumamosi naifungulia kabati, natwaa kitambaa kilekile, na ninayesimulia ni mimi. Basi mtu akiniambia niiachie iende, namwona kama ameniambia nimfukie Kassian mara ya pili.

Na kulikuwa na wengi wa kuniambia. Wa kwanza ni Faida.

"Mama," akasema, amerudi zamu, hajavua hata viatu, "umri huu, bunduki ya nini?"

"Umri huu ndio wenyewe. Ningekuwa kijana ningeweza kukimbia."

"Kina mama wa kanisani wananiuliza. Wanasema mama yako amejiunga na wazee wa Kizungu wa bunduki."

"Waambie ni kweli. Waambie na chai tunakunywa."

Nikaomba leseni yangu mwenyewe, ya mkusanyaji. Nikafanya mafunzo, nikafanya mtihani, nikafeli, nikaurudia. Mwalimu alishangaa kuniona tena. Nikamwambia sisi Wapare tuko tayari kuuza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, hivyo azoee uso wangu. Leseni ikatoka, na sharti lake nikasomewa mara mbili ili nisije kusema sikusikia: kila mwaka mkusanyaji ahudhurie walau mkutano mmoja wa klabu yake. Asipohudhuria, leseni inakufa, na leseni ikifa, bunduki inatoka nyumbani. Klabu yetu, kwa kuwa ni ya wazee wanaochoka upesi, ina mkutano mmoja tu, wa Novemba, siku ya maonyesho, kila mtu analeta chake kinalazwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Ule wa mwaka jana sikuhesabiwa, kwani leseni ilikuwa bado. Kwa hiyo hata darasa la saba linaweza kuijumlisha: pasipo ukumbi hapana mkutano, pasipo mkutano hapana leseni, na pasipo leseni kabati langu litabaki la kuwekea mablanketi.

Sasa kamati. Tulikuwa watatu: Bwana Desmond mwenyekiti, mimi, na Mzee Neville, ambaye kazi yake kubwa ni kusinzia. Neville ana vifaa vya kusikilizia masikioni, na Desmond akianza kuhutubia huvitoa akaviweka mfukoni. Nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Desmond ni mtu mrefu, msafi, shati lake limenyooka kama limepigwa pasi akiwa ndani yake. Ananiita "mpenzi." Huku mtu anakuita mpenzi kabla hajalijua jina la ukoo wako. Siku tulipokaa mara ya kwanza aligawa kazi.

"Mimi nitashughulika na kumbi, Elieshi mpenzi. Nitapiga simu, nitakwenda kuziona. Wewe utatuandalia vitafunio."

"Nami nije kuziona," nikasema. "Nyumbani nimekaa kamati za harusi nyingi kuliko meno yaliyonibaki."

"Hii si harusi, mpenzi."

"Najua. Harusini watu huwa wanagombana zaidi."

Akacheka, akanipigapiga begani kama unavyompiga ng'ombe anayekubali kukamuliwa. Nikasema moyoni, tuone.

Tukaanza kupokea majibu. Ukumbi wa shule, wamekataa. Hilo nilimwelewa mwalimu mkuu. Ningekuwa yeye ningekataa na kufunga geti. Maktaba, wamekataa. Klabu ya wazee wa kurusha matufe kwenye majani, wamekataa. Ukumbi karibu na Westmead, wamekataa. Kila jibu Desmond alilileta kwa sauti ya mchungaji anayetangaza msiba.

"Wakisikia neno bunduki, wanakata simu," akaniambia. "Watu wamekuwa waoga, Elieshi. Hata ile klabu ya Waitaliano ya Smithfield, nimekwenda mwenyewe. Wamenifukuza."

"Wamekufukuza wewe?"

"Mimi."

Nilimwonea huruma, Mungu nisamehe. Kisha akainama karibu, akashusha sauti.

"Usihangaike lakini. Ikifika mwisho wa mwaka hatujakutana, bunduki ya Kassian nitaichukua mimi. Nitaitunza. Haitaenda mbali na marafiki."

Hapo huruma ikasimama, ikatazama nyuma. Nilikumbuka alivyokuja kunipa pole. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, watu bado wamelala sebuleni kwangu kwenye magodoro. Alikuja na keki ya dukani na swali. Keki ilikuwa kavu, swali lilikuwa bichi: "Umeamua nini kuhusu ile bunduki?" Na Kassian, alipokuwa hai, aliwahi kuniambia kwamba Desmond alimwomba amuuzie, akamwomba tena, na mara ya mwisho alimwomba hospitalini. Kassian akamjibu neno moja. Halikuwa "chumvi."

Lakini kumbukumbu za zamani si ushahidi. Sisi Wapare hatuendi barazani na hisia.

Usiku ule nilimweleza Faida. Akaketi, akanishika mkono, akaniambia kwa upole wa kiuuguzi, ule wanaotumia kabla ya sindano: "Mama, kama kumbi zote zimekataa, si ndiyo basi? Achana nayo. Nitakutengenezea picha nzuri ya baba, kubwa, tuitundike."

"Picha haitaki mafuta Jumamosi," nikasema.

Akauachia mkono wangu.

"Na tena, ni nani aliyeziona hizo kumbi? Nani amekagua?"

"Si Desmond amepiga simu?"

"Faida, ukumbi haukaguliwi kwa simu. Send-off yako tuliikagua kwa simu?"

Habari yenyewe aliijua. Kamati ya send-off ya Faida, ile sherehe ya kumuaga alipoolewa, ilikwenda kwa miguu ukumbi baada ya ukumbi pale Same. Huwa hatuulizi bei kwanza. Tunaingia jikoni, tunatazama kama sufuria la watu mia linapita mlangoni. Tunakwenda chooni. Tunamkalisha mzee mmoja kiti cha nyuma tuone kama anamsikia anayesema mbele. Kisha tunamtafuta mwenye funguo, si meneja, mwenye funguo, tunaketi naye, tunaonja naye kitu, na akikataa tunarudi kesho na kitu kingine. Mtu akikataa kwa simu, bado hajakataa, amechoka tu.

Basi nikaamua kwenda kuwabembeleza waliokataa. Naapa sikuwa nimemshuku Desmond kwa uongo bado. Nilidhani ni mtu asiyejua kuomba.

Nilimpigia Marie-Jeanne, jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, anayesafisha maofisi mjini na mchana yuko huru. Ana gari dogo linalolia kama mbuzi kwenye mteremko. Nikapakia sufuria la makande, moto, limefungwa kanga, nikaliweka mapajani.

"Mama Elieshi, na hii chakula tunaenda nayo wapi? Kwenye matanga?"

"Tunaenda kuposa ukumbi."

"Voilà," akasema, akawasha gari. Marie-Jeanne haulizi mara mbili.

Tulianza kwa wazee wa matufe. Kijana aliyekuwa kaunta alikuna kichwa, akafungua kitabu cha maombi, akakifunga. Hakuna mtu aliyepiga kuuliza habari za bunduki, akasema. Angekumbuka, si jambo la kila siku. Lakini tarehe zote za Novemba tayari zina watu, samahani sana. Nikajiambia labda Desmond alizungumza na mwingine. Marie-Jeanne akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Usiniangalie hivyo," nikamwambia. "Endesha."

Tukaingia Smithfield, kwenye zile barabara za maghala na malori, mpaka klabu ya Waitaliano. Mbele walikuwa wamezungusha turubai, wanapaka rangi. Fundi wa rangi akatuelekeza kwa nyuma, kwenye kichochoro, mlango wa jikoni. Na jikoni ndimo nilimomkuta Ornella.

Mwanamke wa rika langu, mfupi, mikono ya kukanda unga, simu yake imo mfukoni mwa aproni na funguo shingoni. Nikajua nimefika. Sikusema neno la bunduki. Nilifungua kanga, nikafunua sufuria.

Akanusa. "Mahindi na maharage?"

"Na karanga, na upendo, na saa nyingi jikoni."

Akachukua kijiko, akaonja, akatafuna kwa makini kama hakimu. "Kwetu bibi yangu alipika karibu hivi," akasema. "Mnataka nini?"

Nikamweleza. Bunduki za kale, wazee, meza zenye vitambaa, siku moja ya Novemba.

"Zinafyatuka?"

"Hazifyatuki. Zimefungwa kufuli, za zamani mno, zinalala tu na kutazamwa."

"Hazina tofauti na mume wangu," akasema Ornella. "Polisi wanajua?"

"Wanajua kuliko mimi. Karatasi zote zipo."

"Basi kuna tatizo gani?"

Nikabaki mdomo wazi, na hilo hunitokea kwa daktari wa meno tu. "Si mlimkataa mwenyekiti wetu? Alikuja hapa mwenyewe. Mkamfukuza."

Ornella akaweka kijiko chini. "Mama, simu ya ukumbi huu ni hii hapa tumboni kwangu. Funguo ni hizi. Mimi ndiye meneja, mimi ndiye mpishi, mimi ndiye ninayefukuza watu. Kama nimemfukuza mtu nikamsahau, atakuwa wa kwanza."

Tukatazamana sote watatu. Makande yanatoa moshi katikati.

"Mama," akasema Marie-Jeanne taratibu, "ile muzee anakudanganya. Iko anangojea mwaka iishe."

Picha ikanijia. Nilimwona Desmond ameketi kwake, simu mkononi hajaibonyeza, anahesabu miezi. Nilimwona amefungua kabati langu. Nilimwona na kitambaa, anaipaka mafuta bunduki ya mume wangu, na hana hata hadithi moja ya kuisimulia.

"Nipe simu nimtukane," akasema Marie-Jeanne. "Kwa Kifaransa hata hatasikia vizuri, lakini ataelewa."

"Hapana. Ukimshtua mwongo kwa simu, atasema hakusikia, atasema alichanganya jina, atasema mtandao. Bibi yangu hakuwahi kumkimbiza mwongo. Alimwekea kiti, akampakulia, akamwacha aseme mbele ya shahidi." Nikamgeukia Ornella. "Kile chumba cha pembeni naona kina meza. Jumamosi kipo wazi?"

Alikwisha kuelewa. Uso wake uliangaza kama wa msichana anayekwenda kuiba maembe. "Kipo wazi. Na ule ukuta wake wa upande ule si ukuta, ni mlango wa kukunja. Nyuma yake ni ukumbi wenyewe."

Tukakagua kabla ya kuondoka, maana hasira si sababu ya kuacha utaratibu. Sufuria linapita mlangoni na nafasi inabaki. Vyoo viko palepale chini, safi, vina vyuma vya kushikia. Hakuna ngazi hata moja. Neville na fimbo yake atateleza kama anayeingia mbinguni. Nilimkalisha Marie-Jeanne kiti cha nyuma nikanong'ona mbele, "Gari lako linalia," naye akajibu, "Nimesikia!" Tukashika tarehe.

Nikampigia Desmond nikiwa na sauti ya mjane. Nikamwambia nimekubali yaishe, ila kabla hatujakata tamaa rasmi, kamati ikutane mara ya mwisho kwa chakula cha mchana. Rafiki yangu mmoja atatupikia, na Marie-Jeanne atawapitia kwa gari wote wawili.

"Uamuzi wa busara, mpenzi," akasema. Nilimsikia anatabasamu.

Jumamosi ilipofika nilikuwa Smithfield asubuhi na mapema, nimevaa gauni la kitenge nililovaa siku ya kumzika Kassian. Ornella na mimi tulitandika. Ukumbi mkubwa tuliupanga wote, meza kwa meza, kitambaa cheupe juu ya kila moja, kama itakavyokuwa siku ya maonyesho. Kisha tukaufunga mlango wa kukunja.

Marie-Jeanne aliwapitisha kichochoroni, kupitia jikoni. Neville akanusa akasema "Aa." Desmond alisalimia kila mtu, akambusu Ornella mkono, akasifu jiko.

"Jiko zuri kweli hili! Rafiki yako anaishi vizuri, Elieshi."

"Anajitahidi," nikasema.

Tukaketi. Nikapakua. Desmond alikula makande sahani ya kwanza, akaomba ya pili. Uongo unatia njaa. Neville alikuwa amekwisha kupeleka mkono sikioni kutoa vifaa vyake. Nikamzuia, nikamshika mkono kwa upole.

"Leo usivitoe, Mzee. Leo kuna habari." Kisha nikamgeukia mwenyekiti. "Bwana Desmond, Neville hajasikia vizuri ule mkasa wa Waitaliano. Mweleze, asije akadhani hatukujaribu."

Desmond akajifuta midomo. Alipenda kuelezea, hilo ndilo lililomponza. Akaegemea kiti.

"Nilikwenda mwenyewe, Neville. Ana kwa ana. Nikaonana na meneja."

"Alikuwa mtu wa namna gani?" nikauliza.

"Mnene. Sharubu hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili, sharubu kubwa kuliko za mbuzi dume. "Mtu mkali sana. Hata kuniketisha hakuniketisha."

Ornella alikuwa nyuma yake na upawa. Akamwongezea makande.

"Asante, mama. Nikamwambia sisi ni watu wa heshima. Akasema, labda mpite juu ya maiti yangu."

"Masikini," nikasema. "Na ukumbi wenyewe ulikuwaje? Maana hata wangekubali, pengine usingetufaa."

"Usingetufaa kabisa! Ngazi tupu, Neville. Ngazi za kupanda, za kushuka. Vyoo viko juu ghorofani. Wewe na fimbo yako ungefia njiani."

"Na jiko?" akauliza Ornella, kwa sauti ya adabu.

"Jiko?" Desmond akacheka, akageuka kumtazama kama mtu anayegawa zawadi. "Ungeliona ungelia, mama. Kajiko kadogo, huwezi kukaanga hata yai. Si kama hili lako."

Marie-Jeanne akakohoa ndani ya kitambaa, akatoka nje kidogo, nikamsikia kichochoroni anapiga ukuta kwa kiganja.

Desmond akaniwekea mkono juu ya mkono wangu. "Kwa hiyo ndugu zangu, tumefanya tuliloweza. Mwaka huu hatukutani. Na wewe, mpenzi, usilie. Bunduki ya Kassian itakuwa mikononi mwangu. Nitaitunza kama yangu."

Niliuondoa mkono wangu pale chini. Sikuuvuta kwa hasira. Niliutoa kama unavyotoa kijiko chako kwenye sahani ya mtu.

"Bwana Desmond," nikasema, "mume wangu alikukatalia akiwa mzima. Akakukatalia akiwa mgonjwa. Mimi ni mkewe. Ulidhani kufa kwake kumemfanya abadili mawazo?"

Akafungua mdomo. Nikainua kidole, akaufunga. Nadhani hata yeye alishangaa.

"Kamati yetu ina watu watatu," nikaendelea. "Wawili wakikubali, ukumbi umepita. Hayo ni maneno yako mwenyewe, uliyasema siku ile nilipochaguliwa bila kupingwa. Mimi nina ukumbi wa kupendekeza. Tarehe imeshikwa, Novemba, ndani ya mwaka wa leseni yangu. Nimeukagua kwa miguu yangu. Mama Ornella, tafadhali."

Ornella akaenda ukutani, ule ukuta usio ukuta. Akausukuma, ukajikunja ukilia, kunjo juu ya kunjo, mpaka mwisho. Ukumbi ukatokea wote, mpana, tambarare kama kiganja, meza zimevaa nyeupe mstari kwa mstari, na juu ya ukuta wa mbele bendera ya Italia na jina la klabu kwa herufi kubwa ambazo hata asiye na miwani angezisoma. Katika meza ya kwanza nilikuwa nimeweka kitambaa cha Kassian, kile cha mafuta, kimekunjwa vizuri. Nafasi imeshashikwa.

Desmond alitazama bendera. Akatazama jina. Akatazama sakafu, nadhani alikuwa anatafuta ngazi.

Mzee Neville aliweka kijiko chini taratibu. Aliinua mkono juu, akaushikilia hapo, akimtazama mwenyekiti wake. Nami nikainua wangu. Na naomba ieleweke kwamba chumba kizima hakikuwa na nzi.

"Hii..." Desmond alianza, shingo imekuwa nyekundu juu ya shati lake lililonyooka. "Mimi nilikuja... nilikuja kwa mlango wa mbele. Ndiyo. Kwa mbele panaonekana tofauti sana. Tena nadhani ilikuwa kabla ya matengenezo."

Ornella alikuwa bado amesimama kando ya mlango, funguo zinaning'inia kifuani, upawa mkononi. Akamwinamia kidogo, kama mwenye nyumba anavyomwinamia mgeni anayemfahamu siku nyingi.

"Karibu tena, bwana," akasema. "Ngazi tumeziondoa, na sharubu nimenyoa."